Wauza AC na mafundi wa Mtwara mnatuumiza, mota ya swingi imekufa nyie mnatujazia gesi

Wakuu habari za usiku. Naandika nina hasira na usingizi sina, uzi utakuwa mrefu ila naomba msome mpaka mwisho, hasa nyie mnaokaa karibu na maji huku kusini, Shangani, Mikindani, Msimbati mpaka Lindi na Kilwa.

Nina gesti ya vyumba nane hapa Shangani. Vinne vinatazama bahari, vinne viko nyuma upande wa barabara. Mwaka juzi nikafunga AC vyumba vyote, mpya za kwenye boksi, aina moja, duka moja, zimefungwa wiki moja. Muuzaji akaniambia kwa mdomo wake, dada hizi ni golidi fini, hazishiki kutu, hizi ndo zenyewe za pwani. Nikalipa keshi yote.

Leo nimeshabadilisha mota za swingi tano. Kwa asiyejua, swingi ni kile kibao cha mbele kinachopanda na kushuka kuelekeza upepo. Tano wakuu! Vyumba vinne vya baharini vyote vimo, cha nyuma ni kimoja tu, na hicho mteja alikivuta kibao kwa mkono gia zikasagika. Mashine ni zile zile, mafundi wale wale, umeme ule ule, tofauti yao ni upande unaotoka upepo wa bahari. Asije mtu hapa akaniambia ni bahati mbaya.

Kilichonitoa machozi ni juzi. Chumba namba 3, mteja ananunua korosho, kashuka kwenye basi usiku amechoka, saa nane ananigongea mlango, dada njoo uone kitanda kimelowa. Naingia nakuta kibao kimekwama karibu na kufunga, kimeacha upenyo wa kidole tu, kinatetemeka tak tak tak hakiendi juu wala chini, maji yanatembea kwenye ukingo wake mpaka ncha ya kulia yanadondokea kwenye mto. Nikafungua kava, mapezi ya ndani, vile vibati vyembamba vinavyopoza hewa, yameshika barafu nyeupe kama friza. Nimemhamisha mgeni wa watu usiku ule anabeba begi mwenyewe, hela nimemrudishia, na hatarudi tena.

Asubuhi kaja fundi. Hakugusa kibao, hakutoa mita ya kupimia umeme, hakuuliza kitu, kaona barafu kasema bosi gesi imeisha hii. Elfu themanini. Kajaza kaondoka. Usiku wake barafu ile ile na maji yale yale.

Sasa sikilizeni. Gesi ya AC siyo kama ya mtungi wa kupikia kwamba ukitumia inaisha. Inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka na miaka, ikipungua maana yake pana sehemu inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja amekula hela yako. Akijaza juu ya iliyojaa ndo ameitesa na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, kabisa. Kweli gesi ikipungua barafu inashika, hilo sikatai, ila barafu inashika pia kama upepo haupiti, na kibao kikishakwama karibu na kufunga upepo utapita wapi? Ile baridi inagonga kibao inarudi juu inanyonywa tena na mashine, sensa ya joto ya mashine inadhani chumba kimeshapoa wakati mtu kitandani anatoka jasho, na mapezi yakikosa hewa ya joto ya kutosha yanazidi kupoa mpaka maji yanaganda palepale. Barafu ikiyeyuka ndo hayo maji kwenye mto wa mteja wangu. Tatizo ni kimota cha upana wa milimita 28, sawa na kizibo cha chupa ya maji, mimi nimelipishwa gesi.

Nimejuaje? Mdogo wangu amesoma umeme VETA, alikuja Jumapili tukakaa mezani tukaifungua ile mota ya namba 3. Ina waya tano, nyekundu ndo ya pamoja, ukipima kutoka nyekundu kwenda kila moja ya zile nne mita inatakiwa isome sawasawa. Tatu zilisoma kama omu mia tatu hivi, ya nne kimya kabisa. Ndo maana inatetemeka tu, mota ya aina hii inasukumwa hatua kwa hatua na koili (waya zilizozungushwa) zikipokezana, moja ikikatika hatua haikamiliki inapiga pale pale. Tukatoa mfuniko. Juu kuna gia ndogo nyeupe za plastiki, chini koili, na pale waya wa shaba mwembamba kama unywele unapoungwa kwenye pini kuna unga wa kijani, ule ukijani wa sarafu ya zamani. Nikagusa kwa ncha ya pini ukavunjika. Kwenye mhimili michirizi ya kutu, na kwenye konekta, pale waya zinapochomekwa kwenye bodi ya umeme ya mashine, ukijani huo huo.

Maji yanafikaje huko? Chukua chupa ya maji ya baridi weka mezani hapa Mtwara mwezi wa pili, hesabu dakika mbili, inatoka jasho. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75 basi kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 25 kinalowa, na kibao cha AC kinapigwa upepo wa nyuzi 12 mpaka 15 usiku kucha. Mteja anaweka nyuzi 16, anafungua dirisha asikie bahari, mlango una upenyo chini, hewa mbichi inaingia tu, kibao kinalowa, matone yanatembea mpaka mwisho, na mwisho wa kibao ndipo mota imechomekwa. Kama aliyefunga mashine hakutumia pimamaji ikalalia upande huo ndo basi tena.

Halafu chumvi. Nani huku hajawahi kukuta chumvi ya mezani imelowa yenyewe kwenye kopo? Unyevu ukipita kama asilimia 75 chumvi inavuta maji kutoka hewani. Vumbi la chumvi linalokuja na upepo linakaa kwenye konekta na kwenye mota, linalowa, na ile waya nyekundu (nimepima kwenye mashine zangu) ina volti 12 muda wote hata ukizima kwa rimoti. Umeme na maji ya chumvi vikikutana kwenye shaba, shaba inaliwa taratibu mchana na usiku, hata chumba kikiwa hakina mtu. Ndo maana zangu mbili zilikufa kwenye vyumba vilivyofungwa mwezi mzima, nikawa nasema mbona haijatumika!

Sasa ile golidi fini niliyouziwa kwa mbwembwe ni rangi ya kukinga mapezi. Mapezi tu! Mota haina kinga yoyote, konekta iko wazi, bodi upande mmoja haijapakwa kitu. Na kwenye kitabu chao wenyewe cha maelezo, mdogo wangu kanisomea, kimeandikwa unyevu ukizidi asilimia 80 usiache kibao kimeelekea chini muda mrefu maji yatadondoka. Kwa hiyo wanajua. Asilimia 80 huku ni asubuhi ya kawaida kipindi cha mvua, siyo maafa. Unajuaje hivyo halafu unamuuzia mtu wa Shangani unamwambia ya pwani?

Nikapeleka waranti. Mota ya kwanza imekufa ikiwa na miezi tisa, waranti ni mwaka. Jibu likaja kwamba uharibifu umetokana na mazingira ya bahari, hauhusiki. Nikamwambia kaka, umeniuzia Mtwara, umeifunga wewe Mtwara, dukani kwako mawimbi unayasikia, hayo mazingira ulidhani ni ya wapi? Akasema sera ya kampuni. Hakuna aliyenipa hiyo sera siku nalipa.

Na spea ndo msiba mwingine. Mota haipo mjini, mpaka Kariakoo, ipakiwe kwenye basi, siku tatu chumba kimefungwa msimu wa korosho ambao ndo tunategemea tule mwaka mzima. Fundi mmoja akaniletea ya haraka akasema zote ni sawa. Si sawa! Zinafanana umbo hadi namba kubwa ya juu, ila nyingine ni za volti 5, zile wanafunzi wanafanyia majaribio. Kaichomeka kwenye volti 12, nusu saa inanuka plastiki. Soma maandishi ya kwenye kopo la mota, volti imeandikwa pale.

Na umeme kukatika kunachangia. Bodi haijui kibao kiko wapi, hakuna sensa ya kuionyesha, kwa hiyo umeme ukirudi inakisukuma mpaka kigonge mwisho ndo ianze kuhesabu, ile tak tak ya sekunde chache. Huo mgongano ni wa gia za plastiki. Ukirudi mara sita kwa siku zinagongana mara sita.

Mimi kwa sasa nimeweka rimoti zote nyuzi 25, kibao nimekizuia kisicheze, kimelala bapa hakielekei chini, madirisha nimeyaziba raba, na kila wiki dada wa usafi anazima swichi ya ukutani anafuta kibao na pembe zake kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba kisha kikavu. Konekta tumezipaka grisi ya silikoni. Inasaidia, lakini kwa nini nifanye mimi kazi ya aliyetengeneza?

Ninachotaka ni hiki. Wauzaji wekeni mota za spea madukani, na waranti ya mtu wa pwani ifunike mota na konekta la sivyo mwambieni kabla hajatoa hela. Mafundi, kabla hujashika mtungi wa gesi shika kibao, washa uone kama kinatembea, pima zile waya tano. Ni dakika kumi. Mnatulipisha gesi wajane na wastaafu ambao hawajui kitu, hiyo ni dhambi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu uliyesema nichomoe kabisa waya wa mota nikiweke kibao wazi moja kwa moja, nimefanya hivyo chumba namba 1 na kinapoza vizuri, asante sana. Uliyesema nimeshindwa kutunza vitu vyangu, njoo uone zile tatu za nyuma ambazo hazijaguswa na mtu na zinafanya kazi mpaka leo.

Na asubuhi hii namba 2 nayo imeanza kulia tena, mota yake ina miezi saba. Mwenye mota ya volti 12, waya tano, milimita 28, awe Mtwara, Lindi au hata Masasi, aseme bei hapa chini, naifuata leo leo.