Mwezi mpevu juu ya maghorofa: mbona kwenye picha unatoka mdogo hivi?

Paka wa Darini:
Wakuu, msaada. Mwezi ukipevuka huwa napanda paani na lenzi yangu ya milimita 50. Kwa macho ni dude kubwa limekaa katikati ya majengo. Kwenye picha ni kidoa cheupe pe, na majengo meusi tii. Isitoshe kuna ghorofa jipya linapanda palepale mwezi ulipochomozea mara ya mwisho. Ninunue lenzi ndefu au nihame paa?

Mzee wa Tripodi:
Hama kwanza, lenzi baadaye. Mwezi una upana wa nusu digrii hivi, uwe utosini au unachomoza. Ule ukubwa wa jioni ni macho tu yanakuchezea. Kinachobadilika ni majengo: ukirudi nyuma yanasinyaa, mwezi haubanduki. Gawanya umbali kwa 110. Ukiwa kilomita 1 kutoka jengoni, mwezi unafunika mita 9, ghorofa tatu hivi. Kilomita 5, mita 45. Hesabu hiyohiyo inafanya kazi ndani ya kamera, ukigawanya milimita za lenzi kwa 110: kwa milimita 50 taswira ya mwezi haifiki hata nusu milimita, kwa 400 inakaribia 4.

Popo:
Na usingoje siku yenyewe. Piga jioni ya kuamkia mwezi mpevu: kwa kawaida unachomoza jua halijazama, kwa hiyo kuta bado zina mwanga na tofauti ni ndogo. Giza likishaingia chagua moja, mwezi au majengo. Mwezi ukishapanda juu, anza na f/11 (uwazi wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), na sekunde 1/100 ya kufunguka shata. Unamulikwa na jua ule, si taa ya kibatari.

Paka wa Darini:
Sawa, na hilo ghorofa?

Mzee wa Tripodi:
Halitakuzibia mwaka mzima. Mwezi mpevu huchomoza mkabala na jua linapozama: Juni unaelekea kusini mashariki, Desemba kaskazini mashariki. Ila mimi ningelipiga sasa hivi, kabla halijaisha. Jengo lililokamilika ni boksi tu. Lenye kreni, mkono wa kreni unakatiza uso wa mwezi, unaona vyuma vyake kimoja kimoja na kulabu inaning'inia. Uwe umeshafokasi lakini, maana mwezi unasogea upana wake mzima kwa kama dakika 2.

Paka wa Darini:
Kreni ziko mbili. Naanza kutafuta paa la mbali.