Majike wa sungura: kila mmoja na kizimba chake, au wote banda moja?

Jiwe la Buswelu
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Buswelu, najenga banda jipya la sungura nyuma ya nyumba, na kabla fundi hajaanza kukata mbao naomba tulijadili hili. Nimebaki na njia tatu.

Ya kwanza ni ile iliyozoeleka: vizimba vya waya vilivyoinuliwa, kila jike na chake, kinyesi kinadondoka chini. Ya pili ni chumba kimoja chenye sakafu ya saruji na maranda, majike wote pamoja na watoto wao. Ya tatu ni mseto: jike anakaa peke yake akikaribia kuzaa na watoto wakiwa wachanga, kisha anarudi kwa wenzake.

Mimi naelekea kwenye ya tatu, na sababu ni hii. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa majike wa maabara waliowekewa milango yenye uzito. Anayetaka kilicho upande wa pili anausukuma mlango, na uzito unazidi kuongezwa. Kwa chakula walisukuma sana, hilo tunalitegemea. Ila kumfikia sungura mwenzao walisukuma karibu sawa na chakula. Tangu nisome habari hiyo, nikimwona jike amejikunyata peke yake kwenye waya siwezi kusema ameridhika eti kwa sababu yuko kimya. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, ukimya ndio kinga yake.

Waliojaribu, naomba hoja.

Mkulima wa Kisesa
Mkuu, utafiti nauheshimu, ila mimi nausimamia waya. Kinachomaliza watoto wa sungura ni koksidia, vimelea vidogo vya tumboni. Mayai yake yakitoka na kinyesi yanakuwa hayajaiva. Yanataka unyevu, joto na muda, siku moja au zaidi, ndipo yaambukize. Kwenye waya kinyesi kimeshaondoka. Kwenye maranda yaliyolowa mkojo wakati wa masika, kinabaki pale pale wanapokanyaga na kula. Watoto waliotoka kuachishwa ndio wanaoumia zaidi: tumbo linajaa, anaharisha, manyoya yanasimama, asubuhi amekufa.

Kuna watu wanasema hata kwenye waya anajiambukiza kwa kula kinyesi chake. Si kweli. Kile kinyesi laini chenye utando, kinachofanana na kishada kidogo cha zabibu, anakipokea kwa mdomo moja kwa moja kinapotoka, mayai hayajapata muda wa kuiva. Na msimzuie, ni chakula chake: kina protini na vitamini B zilizotengenezwa na vijidudu vya tumboni mwake mwenyewe.

Mama Nansio
Wanangu, hamjambo. Huku Ukerewe nimewaweka majike pamoja miaka mingi, nami nasema wakiwa hawana mimba ni raha kuwatazama. Wanalala wamegusana ubavu, mmoja anamlamba mwenzake paji la uso mpaka anafumba macho.

Mimba ikikomaa mambo yanageuka. Jike anakusanya nyasi mdomoni, zimejaa pande zote mbili kama masharubu, anakimbilia pembeni, na mwenzake anamfuata azipokonye. Anang'oa manyoya ya kifuani atandike, mwingine anaingia na kulala juu yake. Hapo ndipo masikio yanachanika. Kwa hiyo chumba kimoja muda wote, hapana.

Mhitimu wa Mifugo
Shikamoo mama. Alichokiona Mama Nansio ndicho kinachotokea hata kwa sungura wa porini, na kinaeleza kwa nini njia ya pili inashindwa.

Sungura wetu wote wa kufugwa, wa aina ya New Zealand, California na nyingine, wametokana na sungura wa Ulaya, asili yake Hispania na Ureno. Anaishi kwa kundi kwenye mashimo, na kundi lina vyeo. Mtafiti Roman Mykytowycz aliwachunguza kwa miaka mingi kule Australia, akaonyesha kwamba wenye cheo wana tezi kubwa zaidi ya harufu chini ya kidevu na wanapaka alama zaidi. Mkiona sungura anasugua kidevu kwenye chombo cha maji, anatangaza kwamba pale ni pake. Majike wanagombania mahali pa kuzalia kuliko hata chakula. Wa chini anafukuzwa, anakwenda kuchimba kishimo chake mbali.

Akishazaa hakai na watoto. Anaingia kunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika 3 hadi 5, anaondoka, na porini anafukia mlango kwa udongo. Watoto hawaoni wala hawasikii, ila maziwa ya mama yana harufu maalumu inayowafanya watafute chuchu papo hapo. Mwaka 2003 wanasayansi waliitambua kemikali yenyewe. Mpango huu wote umejengwa juu ya kiota kisichoingiliwa. Kwenye chumba cha pamoja kila jike anapita kwenye sanduku la mwenzake.

Jambo lingine halizungumzwi sana: jike wa sungura hana siku maalumu za kupevusha yai. Yai linatoka baada ya kupandwa, saa 10 hadi 12 hivi. Sasa majike wakikaa pamoja hupandana wenyewe kwa wenyewe, na hilo linatosha kuleta mimba ya uongo ya siku kama 16 hadi 18. Muda huo ukimpeleka kwa dume hashiki.

Mseto nao si mteremko, mkuu. Uswisi na Ubelgiji wameujaribu, na tatizo ni siku za kwanza za kuwarudisha: wanapigana kupanga vyeo upya, majeraha yanakuwepo.

Jiwe la Buswelu
Shikamoo mama, na ahsante mhitimu. Kwa hiyo ukimtenga halafu ukamrudisha, kila uzao unaanzisha vita upya. Je, wakitenganishwa kwa wavu tu, wakaonana na kunusana, haitoshi?

Mhitimu wa Mifugo
Haiwi sawa na kulala ubavu kwa ubavu, lakini ni bora mno kuliko ukuta wa mbao. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo kwa majike wanaozaa, na kundi la kweli ningewapa watoto walioachishwa. Hao hawana cheo cha kugombania bado. Madume watoe kundini wakikaribia miezi 3.

Fundi wa Nyakato
Nimejenga mabanda kadhaa ya namna hiyo. Wavu wa pembeni uwe na matundu madogo, wasing'atane pua. Kwenye sakafu ya waya weka kipande cha ubao mgumu cha kulalia, la sivyo nyayo za nyuma zinafanya vidonda, hasa kwa jike mzito. Ubao utoe na kuusugua mara kwa mara, ukauke juani, ili hoja ya Kisesa isipotee.

Na bati lisiwe chini. Kule Buswelu mawe yanashika joto mpaka usiku. Sungura hatoi jasho la kumsaidia, anategemea masikio na kuhema. Joto likipita nyuzi 30 dume anapoteza uwezo, na kwa kuwa mbegu zinachukua wiki 7 hivi kutengenezwa, utashangaa majike hawashiki wakati joto limeshapungua.

Mkulima wa Kisesa
Kwa mpangilio huo wa wavu mimi sina pingamizi. Watoto walioachishwa ndio nauliza: kundi lao litakuwa juu ya waya au maranda?

Jiwe la Buswelu
Waya, mkuu, na vipande vya ubao. Nimempa fundi mchoro mpya: majike wanne mstari mmoja, wavu katikati yao, masanduku ya kuzalia upande wa ukutani asikoonekana na jirani. Paa tumepandisha, na chini ya bati tunaweka nyasi.