Kamati ya Arusi ya Rehema

Mama Rehema: Asalaam aleikum jamani, doti 24 za khanga za kuwapa wakwe bado na arusi Jumamosi ijayo. Duka la hapa Kimara wanataka 18,000 doti moja, nimetoka bila kuaga. Nani yuko Kariakoo?

Halima: Waaleikum salaam mamkubwa, mie nipo huku toka saa mbili nimefuata sufuria, ngoja niulizie

Anko Side: Usichukue kwa wale wanaopanga chini barabarani Mtaa wa Kongo watakupiga

Halima: Anko sio wote bana wengine bei zao nzuri kuliko madukani maana hawalipi fremu. Ila khanga napanda ghorofani, fremu za chini kodi kubwa na wanaiweka humohumo kwenye bei, stoo ziko juu, ukitamka dazeni wanakupa na kiti

Shangazi Mwajuma: Halima usianze na bei gani. Uliza jumla inaanzia ngapi, wengine pisi tatu tu tayari jumla wengine mpaka dazeni. Na lowesha pindo kwa maji ufikiche na kitambaa cheupe!! Mie nilishauziwa nyekundu nikaifua pamoja na kanzu ya baba Mwaju, Ijumaa kaenda msikitini na pinki

Juma: 😂😂😂 ile kanzu

Babu: Khanga za kiwanda cha Urafiki zamani hazikuwa na mchezo huo.

Halima: Nimepata!! Kaanza 13,000, kwa doti 24 kashuka mpaka 9,500, pamba, nimelowesha mbele yake haichuji, kanuna lakini haichuji

Mama Rehema: 9,500?? Ina nini

Halima: Ndo hapo mamkubwa. Jina

Mama Rehema: Limeandikwaje

Halima: HASIDI HANA SABABU

Anko Side: 🤣🤣🤣🤣

Shangazi Mwajuma: Tukawape wakwe hiyo?? Siku ya kwanza??

Halima: Mwenye duka mwenyewe kasema kila mwenye shughuli akija anapenda mji ule wa katikati ya khanga, anapenda rangi, akisoma jina anairudisha kwenye shelfu, anazo toka kabla ya Ramadhani

Juma: Chukueni bana watashonea madera nani atasoma

Mama Rehema: We Juma khanga nani haisomi, yule mama mkwe ataisoma kabla hajaiona rangi. Halima tafuta nyingine

Halima: Haya. Duka la jirani yake kuna HONGERA MWANANGU 12,500 mwisho, huyu hashuki hata nikilia, anajua msimu wa arusi huu. Jumla 300,000

Anko Side: Ile ya hasidi ingekuwa 228,000. Yaani jina peke yake tunalilipia 72,000

Mama Rehema: Tunalilipia Side. Halima nakutumia sasa hivi, dai risiti na uhesabu doti zote usikatiwe moja, halafu chukua mwendokasi usipande boda na mzigo

Halima: Sawa mamkubwa. Nahesabu

Bibi: Halima kabla hujatoka. Hizo za hasidi nichukulie doti mbili

Halima: Bibi!! 😂 Mbili ni rejareja, atarudi kwenye 13,000

Bibi: Mwambie 9,500. Nani mwingine atamnunulia