Walikula kiapo hekaluni, kanisani na dargah (kaburi la walii wa Kiislamu), leo hao wamehama. Nina hasira sijapata kuona

Mgoa wa Upanga (mwenye uzi)
Jamani naandika mikono inatetemeka, mkikuta nimekosea herufi nisameheni. Wale jamaa zetu wa huku jimbo la Goa, India, mnawajua, jina la chama silitaji maana nikilitaja natapika, wale wa alama ya mkono, tawi lao la jimbo, leo hii wabunge 8 kati ya 11 wamebeba virago wameenda kwa wale wa ua, BJP. NANE KATI YA KUMI NA MOJA. Wamebaki watatu, hao bajaji moja inawatosha na kikapu cha samaki kinapata nafasi.

Kuhama kwenyewe siyo ishu, mwanasiasa na kuhama ni kama kuku na jiko la jirani. Kinachoniua ni KIAPO. Januari mwaka huu huu wa 2022, kabla ya uchaguzi, wagombea zaidi ya 30 walipakiwa kwenye basi kama watoto wa shule wanaenda mbuga za wanyama, wakashushwa hekalu la Mahalaxmi pale Panaji wakaapa hawatahama, wakapakiwa tena mpaka msalaba wa Bambolim wakaapa mbele ya padri, wakapakiwa tena mpaka dargah ya Betim wakaapa. Dini tatu siku moja! Hata mtu aliyerogwa na mashemeji hazungushwi hivyo. Na haikutosha, Februari wakasaini na makaratasi mbele ya bosi wao kutoka Delhi.

Mimi bwege nikaamini. Tarehe 14 Februari wenzangu wanapeana maua mimi niko foleni nachorwa wino kidoleni. Ule wino hautoki, wiki nzima namenya vitunguu nauona, naosha vyombo nauona, nikawa naona fahari kabisa. Leo ni tarehe 14 Septemba. Miezi saba kamili, hata mimba haijafika!

Sasa sikilizeni. Mkubwa wao mmoja, aliyewahi kuwa waziri kiongozi wa jimbo, anaulizwa na waandishi, mzee na kile kiapo je? Anajibu eti ameenda hekaluni kamuuliza Mungu tena, na Mungu kamwambia afanye analoona jema. KAMUULIZA TENA. Yaani Mungu naye kahama chama?? Nilikuwa namimina chai nikaimwaga yote kwenye kitambaa cha meza, muuza mikate kapita na baiskeli yake anapiga honi pooo pooo hata sikumsikia, leo tumekunywa chai kavu nyumba nzima kwa ajili yao.

Dini tatu jamani. Kwa basi.

Kitakunku
Wa kwanza. Niko siti ya mbele na bisi zangu.

mzee wa kaunta
Mkuu hao Congress wako hawajahama, hao WAMEUNGA MKONO JUHUDI 😂😂 tena wametoka kwenye mkono kwenda kuunga mkono. Sisi Bongo tulishayaona haya 2017 na 2018, mbunge anaamka asubuhi na kadi ya upinzani jioni anapokewa na ngoma. Karibu kwenye chama cha wenye maumivu.

Otis wa Umoja
Nyinyi bado mko na kuhama? Huku kwetu Kenya Uhuru na Raila walisalimiana tu mkono 2018, hakuna mtu alihama, na bado upinzani ukapotea. Mkono ni hatari buda.

Mgoa wa Upanga
Hamjanielewa. WALIAPA. Wenu waliapa kwenye dargah?

Nyange
Mwenye uzi umepigwa mara ya ngapi hii? Julai 2019 hao hao wa mkono walikuwa na wabunge 15 hapo Goa, wakahama 10 kwa mpigo. Na 2017 ndio walioongoza kwa viti, 17 kati ya 40, wenzao wana 13, na wenye 13 ndio wakaunda serikali wakati wao bado wanagombana nani awe mkubwa. Mimi fisi akinila mbuzi mara tatu sinunui mbuzi wa nne.

Mgoa wa Upanga
Nyange unanipiga mahali penye kidonda. Ndiyo maana mwaka huu walitupeleka kwenye kiapo! Walijua hatuwaamini! Ningekuwa na akili ningejiuliza, mtu mzima mwenye nia njema anahitaji kuapa mara tatu kwa siku?

Wakili Msomi
Kwa faida ya wasomaji. India wana sheria ya tangu 1985 ya kuzuia wabunge kuhama, ukihama peke yako kiti unakosa. Ila theluthi mbili ya wabunge wa chama wakiondoka pamoja inahesabika kwamba wameunganisha chama chao na kingine, viti vyao salama. Sasa pigeni hesabu. Theluthi mbili ya 15 ni 10, wakahama 10. Theluthi mbili ya 11 ni saba na kitu, wakahama 8. Hakuna aliyezidi hakuna aliyepungua. Na Julai mwaka huu chama chenyewe kililia kwamba kuna njama ya kuhama, nadhani wa nane alikuwa hajapatikana tu.

mzee wa kaunta
Kumbe alikuwa bado anamuuliza Mungu 😂

Bibi Sukari
nimecheka mpaka mjukuu kaamka

Kitakunku
Huyo wa nane ndiye nataka kumjua mimi. Saba wamekaa wanamsubiri kama daladala ya mwisho kituoni, haijajaa haiondoki.

Mwana wa Bengaluru
Nyie Goa kelele tu. Mimi nasoma huku Karnataka, 2019 wabunge wa huku waliasi wakaenda kukaa hotelini Mumbai, wanakula wanalala, mpaka serikali ya jimbo ikaanguka mwezi wa saba. Mimi mwezi huo huo hosteli yetu maji yamekata siku nne, hakuna aliyetupeleka hotelini. Halafu kahistoria kadogo: mwaka 1967 kule Haryana mbunge mmoja, Gaya Lal, alibadilisha chama mara tatu ndani ya wiki mbili, mpaka leo wahamaji wanaitwa "Aaya Ram Gaya Ram", Ram kaja Ram kaenda.

Mgoa wa Upanga
Mara tatu bila kuapa. Huyo namheshimu. Hakumpigia Mungu simu. Na kibaya zaidi wale wa ua walikuwa na viti 20 vyao kati ya 40 na washirika walishapatikana, hawakuwahitaji hata! Ni sawa na kutoroka ndoa kwenda kuwa mke wa tano. Januari walishuka kwenye basi wameinamisha vichwa, macho wamefumba…

Bibi Sukari
Mwanangu pole. Lakini kuapa kwa uongo umenikumbusha fundi wangu wa nguo hapa Magomeni. Kaapa kwa kaburi la mama yake gauni litakuwa tayari Ijumaa, harusi Jumamosi. Ijumaa nimeenda, nimemkuta mama yake kakaa dukani anakula mihogo.

Kitakunku
😂😂😂😂 MAMA MZIMA

Otis wa Umoja
Hapo umegusa. Fundi wangu alinishonea suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwingine akaniambia nisimame vizuri.

Nyange
Wangu alisema kitambaa "kimejikunja chenyewe". Wiki iliyofuata nikaonana na mtoto wake kavaa kaptula ya kitambaa kile kile.

Wakili Msomi
Mimi fundi wangu bado ana suti yangu ya kuapishwa uwakili. Nimeapishwa na suti ya shemeji.

mzee wa kaunta
Ila zamani mafundi walikuwepo. Marehemu babu alikuwa anashona kwa Mgoa mmoja Zanzibar, ukiambiwa Alhamisi ni Alhamisi, na suruali inasimama yenyewe bila mtu. Mwenye uzi wazee wako hawakuacha cherehani?

Mgoa wa Upanga
Babu yangu alikuwa karani, siyo kila Mgoa ni fundi. Jamani turudini kwenye mada. Mahalaxmi, Bambolim, Betim. Basi moja. Nane kati ya kumi na moja.

Bibi Sukari
Kumi na moja ndiyo vipande vya kitenge nilivyompelekea. Karudisha tisa.

Otis wa Umoja
Theluthi mbili imepita, hiyo ni halali kisheria.

Mgoa wa Upanga
Huu uzi ni wa wabunge!!

Kitakunku
Subiri kidogo mkuu. Bibi, huyo fundi yuko Magomeni ipi? Maana kuna mmoja Mapipa ana vitambaa vyangu tangu Pasaka.