Tupeane uzoefu: Uliwahi kumsifu Mungu jibu likiwa bado halijafika?

SautiYaKwanza (mwanzisha mada)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jambo hili linanizunguka kichwani tangu Jumapili. Kipindi cha shuhuda kanisani kwetu husimama watu wanne, watano, na wote habari zao zimekwisha vizuri: aliyepata kazi, aliyepata mtoto, aliyeshinda kesi ya kiwanja. Tunapiga vigelegele, tunacheza mpaka mbele. Sijawahi kumwona mtu akisimama na kusema, "Mimi bado naumwa, ila nimekuja kumshukuru Mungu." Sijui hatupo, au tunajificha.

Yangu ni haya. Nimeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya miaka 16. Mwaka 2021 nikafanyiwa upasuaji wa goita. Daktari aliniambia wazi kabla sijasaini kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita jirani kabisa na tezi ile, na ukiguswa sauti inaweza kubadilika. Nikasaini. Nilipozinduka nikamwita muuguzi, ikatoka sauti ya jogoo mwenye mafua. Wakasema tusubiri, wengine huwarudia yenyewe. Yangu ilirudi nusu. Kuongea naongea, kupanda juu siwezi.

Miezi ile sikukanyaga mazoezini. Nilikuwa namwambia Mungu, kama ulitaka kitu si ungechukua hata mguu. Siku moja mwalimu wa kwaya akamtuma mtoto aniletee kayamba, bila ujumbe wowote. Nikaliweka juu ya kabati wiki tatu, likawa linanitazama. Nilipolishika hatimaye, nililia kuliko nilivyopiga, na nikatoka nje ya mdundo mpaka besi wakageuka kuniangalia. Lakini siku ile nilikuwa namsifu Mungu, na nilijua kwamba namsifu. Miaka yote niliyoimba vizuri, nikisema ukweli, mara nyingi nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Basi tupeane uzoefu. Za "nikasifu, kesho yake nikapata gari" tuziache kwanza, zina mahali pake. Natafuta za waliosifu katikati ya jambo.

Nyuzi_Sita

Naweka kiti hapa. Hilo kayamba la kabatini limenimaliza.

Mkulima_Kongwa

Dada, asante kwa kuanzisha. Sisi huku ni watu wa mtama, uwele na karanga, na mahindi tunayang'ang'ania ingawa yenyewe hayatutaki. Mwaka mmoja mvua ilianza Desemba vizuri tu, Januari ikakata. Mahindi yakakauka yakiwa usawa wa goti. Kwenye ekari nne nilivuna mtama madebe mawili.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Mnajua ilivyo: watu wanaleta magunia, mbuzi, kuku, maboga, na baada ya ibada kunapigwa mnada. Nikamwambia mke wangu mwaka huu tukae nyumbani, tusiende kujiaibisha. Akaniuliza, "Kwani tunakwenda kumwonyesha Mungu gunia?" Nikanyamaza, maana mama huyo akikuuliza swali ujue jibu analo. Tukabeba bakuli moja la mtama.

Mchungaji akasoma Habakuki 3. Mtini hauchanui, mashamba hayatoi chakula, zizini hakuna kundi. Nikadhani mke wangu kapeleka habari zetu. Halafu nikasubiri nabii aseme mvua itanyesha, hakusema. Sura inakwisha na zizi bado tupu. Anasema tu, "Walakini nitamfurahia BWANA." Neno hilo "walakini" sikuwahi kuliona kabla ya siku hiyo, na Biblia naisoma tangu nikiwa darasa la tatu.

Kwenye mnada bakuli langu likaanza na shilingi 2,000. Mzee mmoja akalipandisha peke yake mpaka 15,000, akalipa, akasema, "Mrudishieni mwenyewe, ni mbegu hiyo."

Msidhani mambo yalinyooka. Mwaka ule nilikwenda kufanya vibarua Kiteto kwenye mashamba ya watu. Ila nilikuwa naimba nikipalilia, na sikuwa naigiza.

Mwenye_Swali

Samahani, mimi nitaharibu hali ya hewa.

Kwetu tulifundishwa kwamba sifa ni silaha. Mfalme Yehoshafati alitanguliza waimbaji mbele ya jeshi na adui wakauana wenyewe kwa wenyewe. Baba yangu alipolazwa tulikesha siku saba tukisifu. Hata kuomba sikuomba, niliambiwa ukiomba tena unaonyesha shaka. Siku ya nane akafariki. Pale pale msibani mtu mmoja akaniambia huenda kwenye mkesha wetu kulikuwa na asiyesifu kwa imani.

Ni miaka mitatu sasa. Kwaya ikianza natoka nje kama mtu aliyepigiwa simu. Kwa hiyo naomba anijibu anayejua: nilisifu kidogo?

MchungajiMstaafu

Mwanangu, pole sana. Hukusifu kidogo. Aliyekwambia vile msibani alikukosea, na kwa kuwa tunaovaa kola ndio tunaofundisha watu maneno ya namna hiyo, mimi nakuomba radhi.

Hiyo 2 Mambo ya Nyakati 20 wengi wetu tunaianzia katikati. Rudi juu kidogo. Yehoshafati aliogopa, imeandikwa hivyo. Akatangaza mfungo nchi nzima, akasimama mbele ya watu na kumwambia Mungu kwamba hawana nguvu na hawajui la kufanya. Waimbaji walikuja baada ya hapo, na walikwenda na ahadi waliyokwisha kupewa. Sasa wewe ulikatazwa kuomba, ukapewa kipande cha mwisho tu ukiimbe.

Halafu watu wanapenda Matendo 16, Paulo na Sila usiku wa manane gerezani Filipi, milango ikafunguka. Ni kweli. Lakini rudi sura nne nyuma. Petro anatolewa gerezani na malaika, na katika sura hiyo hiyo, mstari wa 2, Yakobo ndugu yake Yohana ameuawa kwa upanga. Je, Yakobo alisifu kidogo? Kanisa lilimpenda Petro zaidi? Luka hakuandika sababu, na mimi kwa miaka 34 madhabahuni nimejifunza kuogopa anayeijua.

Jambo lingine. Kitabu cha Zaburi kwa Kiebrania kinaitwa Tehillim, yaani Sifa. Ndani yake imo Zaburi ya 88 ambayo inalia tangu juu hadi chini na kuishia gizani, haina hata ule mstari wa mwisho wa kujifariji. Waliokusanya kitabu cha sifa hawakuitoa. Ukikaa nje ya kanisa ukalia mbele za Mungu, bado uko ndani ya kitabu hicho.

Nyuzi_Sita

Shikamoo mchungaji. Hiyo ya Yakobo na Petro sura moja nimesoma mara ngapi na sikuiona!

Dada_Muscat

Wapendwa, mimi niko Muscat, Oman, kazi za ndani. Yangu ni fupi maana naandikia jikoni.

Huku ibada kubwa ya wiki ni Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko. Kanisa lipo, Ruwi, watu wa mataifa mengi. Ila miezi 14 ya kwanza sikuruhusiwa kutoka Ijumaa, na simu nilikuwa napewa usiku tu. Nikaanza kusifu kwenye pasi. Nikinyoosha kanzu, kila kanzu namtajia Mungu jambo moja, kwa moyo, midomo imefungwa. Mama yangu yu hai. Mtoto amefaulu. Leo nimelala kwa muda wa saa saba. Siku nyingine kanzu ni sita na mambo ni mawili, basi nayarudia.

Sikuondoka pale kwa muujiza, mkataba uliisha. Nyumba niliyopo sasa natoka kila Ijumaa. Mara ya kwanza kuingia kanisani wakaanza kuimba kwa sauti, mimi nikashindwa kufungua mdomo, nimezoea kimya! Mpaka leo nikishika pasi mkono wenyewe unaanza.

Mjukuu_wa_Kagera

Naomba nimjibu Mwenye_Swali kwa habari ya bibi yangu.

Tetemeko la Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016 lilitukuta shambani, nje kidogo ya Bukoba. Nyumba ya bibi, ya tofali za kuchoma, ukuta wa nyuma ulikaa chini wote. Bibi ni mlokole wa zamani, wale wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kutufikia sisi. Kesho yake ibada ilikuwa nje, hakuna aliyethubutu kuingia kanisani. Bibi akaanzisha wimbo wao wa Kiganda, "Tukutendereza Yesu", yaani tunakusifu Yesu, huku vumbi la ukuta bado liko kwenye kitenge chake. Mimi nilikasirika. Nikasema moyoni, huyu mzee haoni nyumba yake?

Baada ya ibada tukaenda kwa jirani aliyefiwa. Njiani nikamwuliza, na pale tutaimba? Akanishika mkono kwa nguvu, akasema, "Pale tunalia." Akaketi chini kwenye majani makavu na yule mama tangu saa saba mpaka giza. Hakuimba, hakunukuu mstari, hakumwambia ashukuru. Alikuwa anampangusa pua kama mtoto.

Aliimbia ukuta wake mwenyewe. Wa jirani hakuugusa. Nimekaa kwenye makanisa matatu tangu nihamie mjini na sijasikia mahubiri yaliyonieleza sifa kuliko hayo.

SautiYaKwanza

Mjukuu, nimesoma hapo kwa bibi mara mbili, wali wangu umeungua.

Mwenye_Swali, upo?

Mwenye_Swali

Nipo. Sikutaka kuandika kwa haraka.

Mchungaji, shikamoo, na asante. Hakuna aliyewahi kuniomba radhi kwa jambo lile. Jana nilikwenda ibada ya kwanza, ya saa moja, ambayo watu ni wachache. Kwaya ilipoanza mkono ulikwenda mfukoni kutafuta simu, kama kawaida. Nikauacha humo humo mfukoni. Sikuimba. Nilisimama tu mpaka wimbo ukaisha. Halafu nikamwomba Mungu ile ya baba, niliyokatazwa kuomba. Najua amekwisha kuzikwa. Niliomba hivyo hivyo.

MchungajiMstaafu

Amina, mwanangu. Na ibada ya saa moja ni nzuri, mahubiri yake ni mafupi.

Nyuzi_Sita

Mzee wa Kongwa, nimekaa na swali tangu juzi. Ule mtama wa bakuli uliupanda?

Mkulima_Kongwa

Niliupanda. Kwelea kwelea wakala nusu. Walakini, nusu nyingine ndiyo tunayosongea ugali wiki hii.