Waliohamishwa na mafuriko: unamuulizaje mtu kama anawaza kujiua?

Mhudumu_Kinyasungwe
Habari za jioni wadau. Naandika kutoka Mpwapwa, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Maji yaliingia Januari, sasa kaya 46 ziko kwenye mahema uwanja wa shule. Wiki za kwanza vilio, siku hizi kimya, na kimya hiki hakinipi amani. Wapo wazee wa kiume hawatoki hemani kutwa nzima. Mama mmoja anasema, "mimi nimeshapumzika, umebaki mwili tu." Kamati ya maafa ya kijiji inataka tuwakusanye wote chini ya mbuyu, aletwe mtaalamu, kila mtu aeleze yaliyompata, tumalize siku hiyohiyo. Ni sawa? Na nikimuuliza mtu waziwazi habari ya kujiua, si nitamtia wazo kichwani?

Nesi wa Akili
Dada, mkutano wa mbuyuni uacheni. Shirika la Afya Duniani (WHO) haishauri kikao kimoja cha kumsukuma mtu asimulie msiba wake. Anafunuliwa kidonda saa nne asubuhi, saa saba mtaalamu yuko kwenye gari anarudi Dodoma mjini. Na jirani aliyekuwa anajikaza anaondoka na picha za mwenzake juu ya zake.

Kuuliza hakumtii mtu wazo. Anayelo anashukuru kuulizwa, asiyenalo atakujibu "hapana" na maisha yanaendelea. Kaeni wawili tu, mbali na hema, maana turubai halizuii sauti. Anza na usingizi na chakula: "Tangu maji yaingie unalala saa ngapi? Ugali unapita?" Kisha sogea: "Kuna siku mambo yanakulemea mpaka unaona heri usingeamka?" Akikubali, usirudi nyuma. Litaje neno lenyewe: "Umefikiria kujiua?" Halafu matatu: mara ya mwisho ni lini, umeshapanga utafanyaje, na hicho kitu unacho karibu? Usiseme "huwezi kufikiria mambo kama hayo, sivyo?" Hapo umeshamjibia.

Mwenye mpango, au aliyejaribu wiki hii, haachwi peke yake hata kwenda chooni. Ndugu wapokezane usiku na mchana, vitu vya hatari viondolewe hemani, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa na mtu. Asitumwe na karatasi ya rufaa mkononi. Baada ya hapo mwone walau mara moja kwa wiki kwa miezi miwili ya kwanza. Wengi tunakosea hapa: mgonjwa akicheka mara moja tunafuta jina lake kwenye daftari.

Huyo mama wa "umebaki mwili tu", muulize kesho asubuhi. Usingoje majibu ya wengine hapa.

Kausha_Damu_Basi
Nesi kamaliza upande wa mgonjwa. Mimi naongeza kalenda, kwa sababu kanda yetu ina msimu mmoja tu wa mvua. Shamba likisombwa Januari, kupanda tena ni bahati nasibu, mvua zinakata Aprili. Maana yake kaya haina mavuno mpaka Mei au Juni ya mwaka unaofuata. Misaada inakuja mwezi wa kwanza na wa pili, njaa yenyewe inakuja Novemba, wakati magari yenye nembo yameshaondoka. Weka alama kwenye daftari lako: siku mahema yanapovunjwa, siku mgao unapokatwa, wiki ya kuandaa mashamba, na siku maji yatakapotimiza mwaka. Ziara zako ziongezeke hapo.

Halafu madeni. Mwanaume asiyetoka hemani, muulize anadaiwa na nani. Mara nyingi ni VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, au mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, aliyochukua kununua mbegu, na rejesho la kila wiki halijui mafuriko. Mtendaji wa kata akae na wakopeshaji na viongozi wa vikundi, marejesho yasogezwe mpaka mavuno, iandikwe na wote wasaini. Karatasi hiyo inatuliza kichwa kuliko semina tatu.

Na mkija kuwagawia viwanja, msigawe kwa bahati nasibu. Kobe, Japani, baada ya tetemeko la 1995, nyumba za muda ziligawiwa kwa bahati nasibu huku wazee na walemavu wakipewa kipaumbele. Wakajikuta wamezungukwa na watu wasiowajua, na baadhi yao walifia ndani peke yao bila jirani kujua. Hamisheni kitongoji kwa kitongoji, balozi wa nyumba kumi na watu wake.

Mzee wa Kongwa
Mmemsahau mchungaji na shehe. Hao ndio wanaoshinda na kulala kambini pamoja na waathirika.

Nesi wa Akili
Sawa mzee, ila waelekezwe kwanza. Akihubiri kwamba anayejiua anakwenda motoni, mwenye mawazo hayo anafunga mdomo palepale. Kazi yake iwe kusikiliza na kumleta kwetu.

Sheria nayo inafunga midomo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, ndiyo maana ndugu wanafika zahanati wanasema "amekunywa dawa ya mazao akidhani ni maji". Nesi anapoteza muda akitafuta ugonjwa mwingine. Waambieni mapema: semeni ukweli, na mje na kopo lenyewe.

Mhudumu_Kinyasungwe
Asanteni sana. Mawili ya mwisho. Zahanati inawapa wasiolala diazepam, ni sawa? Na hizo sumu za mazao nizipeleke wapi, maana kila hema lina chupa?

Nesi wa Akili
Kwa mtu aliyefiwa au mwenye mshtuko wa maafa, mwongozo wa WHO unakataza diazepam. Usingizi unakuja wiki mbili, halafu anaitegemea. Apunguze chai ya jioni na pombe, wapeni vyandarua na taa uani. Akibainika kuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na kuandikiwa dawa yake amitriptyline, kila mara achukue ya wiki moja tu, na ishikwe na ndugu.

Wakati wa kuzunguka mahema, uliza pia nani alikuwa anatumia dawa za kifafa au alikuwa anahudhuria Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma. Dawa zilikwenda na maji, na wataficha, maana kwetu "wa Mirembe" ni tusi. Phenobarbital, dawa ya kifafa, ikikatwa ghafla degedege linaweza kuja mfululizo lisikome. Hao wapelekwe wiki hii.

Kausha_Damu_Basi
Sumu: usizinyang'anye, watazificha chini ya godoro. Tafuta sanduku la bati lenye kufuli mbili, funguo moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, nyingine kwa mwanamke mmoja anayeaminika. Liwekwe stoo ya shule yenye mlango wa kufungwa, kila chupa iandikwe jina la mwenyewe. Anayekwenda shamba anachukua ya siku hiyo, jioni anarudisha.

Na bandika namba hizi penye bomba la maji, kila mtu anapita pale: 199 ya Wizara ya Afya, 116 kwa watoto. Zote ni bure.

Mhudumu_Kinyasungwe
Sanduku la bati lipo ofisi ya kijiji. Kesho naanza na yule mama.