Naomba ushauri: nitajuaje kama ni Mungu anayeniongoza?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naombeni ushauri wenu.

Nimepata ajira ya ualimu Kigoma na siku ya mwisho ya kuripoti inakaribia. Niko Iringa namuuguza mama. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia, hata kijiko hashiki. Mdogo wangu yuko tayari kubaki naye, ila ndiyo kwanza yuko kidato cha nne.

Nimefunga na kuomba. Mchungaji kanipa Mithali 3:5-6, nimtumaini Bwana nisizitegemee akili zangu. Amina, lakini barua ya ajira bado inataka jibu! Mzee wa kanisa anasema niombe ishara, kama Gideoni, aliyemwomba Mungu amthibitishie kwa umande juu ya ngozi ya kondoo (Waamuzi 6). Shangazi naye kaota nisiende, ingawa huyu tangu zamani hataki niondoke. Mama mwenyewe ananiambia, "Nenda, mwanangu."

Je, Mkristo wa leo aombe ishara kama ya Gideoni, au kuomba hekima tu, kama Yakobo 1:5 inavyosema, kunatosha? Na mliowahi kuuguza mzazi, mlitofautishaje uongozi wa Mungu na hofu zenu wenyewe?